Mkabala na Norfolk, Saa Tisa Alasiri

Mpwa wangu anakaa South B, na kila nikimpigia kumwambia naja Nairobi hunijibu kwa neno moja: sweta. Safari hii aliongeza la pili. "Mjomba, kuja na sweta, na Jumamosi mchana usilale. Nimekununulia tiketi ya kucheka." Kuhusu hilo "kuja" nilinyamaza. Mtu wa Mombasa anayepanda Nairobi kwa nia ya kusahihisha Kiswahili hurudi kwao amechoka, na Kiswahili cha Nairobi hubaki pale pale kikiendelea na shughuli zake.

Treni ya asubuhi iliondoka Miritini saa mbili. Tangu reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017, bara imesogea. Mariakani, Voi, Mtito Andei, tembo wa Tsavo waliojipaka udongo mwekundu, halafu Syokimau na upepo wake wa kuingia mifupani. Sitakaa sana njiani. Tembo nimewaona tangu utoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunijibu. Safari hii nilifuata watu, tena wale wanaolipa fedha zao kukaa gizani na kuwatazama wenzao wakijifanya watu wengine.

Mahali penyewe wenyeji hupaita National Theatre tu, kwa Kiingereza, hata wanapozungumza Kiswahili. Mimi nitapaita Ukumbi wa Taifa. Ukitoka pale Archives, unafuata Moi Avenue kwenda juu, unapita bustani ya Jeevanjee, unavuka University Way, na umeingia barabara ya Harry Thuku. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu ya mpwa, ishirini kwa miguu ya mjomba, kwa sababu mjomba lazima asimame Jeevanjee.

Nami nakushauri usimame. Bustani hii ilitolewa na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906, na tangu nianze kuijua sijawahi kuikuta kimya. Siku hiyo palikuwa na mhubiri mwenye kipaza sauti kibovu, na hatua chache kutoka kwake vijana wawili waliokuwa wakifanya vichekesho ndani ya duara la watu waliosimama. Mhubiri alikuwa akipoteza waumini. Kila kicheko kilipolipuka upande wa pili, mtu mmoja au wawili walijitoa kwake kinyemela, Biblia kwapani, wakaenda kuchungulia. Mzee mmoja wa koti la suti, aliyeshika bahasha ya kaki, alikuwa akiwajibu wachekeshaji kila walipouliza swali, na majibu yake yalikuwa bora kuliko maswali. Hakulipwa. Sidhani hata alijua kwamba anafanya kazi. Mpwa wangu alinivuta mkono: "Mjomba, hii ni ya bure. Twende kwa ile tumelipia."

Ukumbi unatazamana na hoteli ya Norfolk. Ukisimama mlangoni mwa mmoja unamwona bawabu wa mwingine. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, ikawa mahali pa walowezi kunywa, kupanga uwindaji na kupigana. Karibu hapo, kwenye kituo cha polisi, ndipo umati uliposimama tarehe 16 Machi 1922 kudai kiongozi wao Harry Thuku, aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwaaibisha wanaume waliokuwa wameanza kurudi nyuma, risasi zikapigwa, naye akawa miongoni mwa waliokufa. Hesabu ya serikali ilisema watu ishirini na mmoja. Wengine wamesema ni wengi zaidi. Masimulizi ya siku hiyo yanasema pia kwamba baadhi ya risasi zilitoka upande wa hoteli. Leo barabara inaitwa kwa jina la Thuku, na magari ya watalii huegeshwa hapo kwa utulivu kabisa.

Ukumbi wenyewe ulifunguliwa tarehe 6 Novemba 1952. Tazama tarehe hiyo vizuri. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba, siku kumi na saba tu kabla. Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa wamekwisha kamatwa. Huku nchi ikianza kuungua, Nairobi iliwasha taa za jukwaa jipya na kumleta Sir Ralph Richardson kutoka Uingereza aje kulifungua. Richardson alikuwa mmoja wa waigizaji wakubwa wa Shakespeare wa zama zake, na sifa yake mojawapo ilikuwa kumwigiza Falstaff, yule mnene, mlevi na mwongo anayependwa na kila mtu. Naomba umkumbuke huyo Falstaff, nitamrudia.

Nyumba waliyojenga wakoloni ni ya mtindo wa kwao: jukwaa lenye fremu kama ya picha, pazia, na viti mia tatu na kitu vyote vimeelekezwa mbele. Ni nyumba ya kumfundisha mtu adabu. Huku mtazamaji, kule mwigizaji, na katikati mstari usiovukwa. Unaketi, unanyamaza, mwisho unapiga makofi. Nilisoma shule ya misheni, kwa hiyo adabu hiyo naifahamu, na nilipoketi Jumamosi ile saa tisa kasorobo mgongo wangu ulinyooka wenyewe.

Kumbe mgongo ulionyooka ulikuwa wangu peke yangu.

Kulia kwangu alikaa mpwa. Kushoto alikaa mama wa makamo aliyevaa kitenge cha manjano, amekuja na binti zake wawili na pakiti tatu za njugu. Mbele yetu walikuwapo vijana wa ofisi, wanaume kwa wanawake, wenye manukato ya siku ya mshahara. Nyuma, wazee wawili waliokuwa wakibishana kuhusu bei ya saruji. Saa tisa ilifika ikapita. Hakuna aliyeitazama saa isipokuwa mimi. Watu waliitana kutoka safu hadi safu, wakapigana picha, wakahama viti, wakarudi. Saa tisa na dakika ishirini na tano taa zilififia, nasi tukasimama kwa wimbo wa taifa.

Hapa mtu wa Pwani ana la kujivunia, na nilimnong'oneza mpwa ingawa amelisikia mara kumi: tuni ya wimbo huo ilichukuliwa kutoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, ni wimbo wa mama wa kumbembelezea mtoto. Basi kabla ya kucheka, Nairobi nzima husimama wima na kubembelezwa Kipokomo. Mama wa kitenge aliimba kwa sauti ya pili, safi, ya mtu aliyezoea kwaya.

Mchezo ulikuwa wa kuchekesha, wa aina ambayo Nairobi imeizoea wikendi: mzee amestaafu, amepokea malipo yake ya uzeeni, na hajamwambia mkewe kwamba nusu yake imekwenda kwa mpango wa kando, yaani hawara wake. Hadithi nyepesi kabisa. Ukiisoma kwenye karatasi hutatabasamu. Lakini katika robo saa ya kwanza nilielewa kwamba karatasi haina maana hapa. Mzee alipomwambia mkewe kwamba fedha "zimechelewa benki", safu mbili za wanawake zilitoa mguno mmoja mrefu, ule mguno wa mtu aliyewahi kuambiwa maneno hayo hayo. Mwigizaji aliusikia. Alinyamaza, akawageukia polepole, akasema, "Nyinyi mnafanya kazi benki gani?" Hilo halikuwa limeandikwa popote, na ndilo lililoangusha ukumbi.

Baadaye, mpango wa kando alipofichwa kabatini, mama wa kitenge hakuvumilia. "Yuko kabatini, dada! Fungua kabati!" Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, njugu zikamwagika. Mke wa jukwaani hakumtazama, alitembea hadi kwenye kabati, akaliegemea, akapumua, akasema kana kwamba anaongea na roho yake, "Naskia kama kuna mtu ananiambia kitu, lakini nimeokoka, siwezi kusikiliza masengenyo." Mama alinigeukia mimi, ambaye hatukuwa tumesalimiana hata. "Baba, si umesikia? Amekataa kusikia!"

Mtu aliyezoea kumbi za Ulaya angesema hawa hawana adabu ya tamthilia. Mimi nilijisikia niko nyumbani. Kwetu Pwani, ukienda kwenye taarabu ya harusi na ukakaa kimya, watu watauliza kama umefiwa. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaokugusa, au unaomgusa adui yako, unasimama, unacheza mwendo wa polepole hadi mbele, unamtunza noti mkononi, na kwa kumtunza huko umeshasema maneno yako mbele ya hadhira yote bila kufungua mdomo. Mwimbaji ametoa wimbo, wewe umeupa anwani. Nairobi hawana kutunza. Wana kujibu. Kazi ni ile ile.

Ndipo likanitokea jambo ambalo mpwa amelisimulia kwa ukoo mzima, kwa hiyo hakuna haja ya kulificha. Katika kipindi cha pili mchezo uligeuka. Kicheko kilipungua, mke alikuwa amekaa peke yake kwenye ncha ya kiti, ameshika stakabadhi ya malipo, na ukumbi ambao haukuwa umenyamaza tangu saa tisa ulinyamaza. Hata pakiti za njugu zilinyamaza. Katika kimya hicho simu yangu iliimba. Ndiyo, simu yangu, na mlio wake ni udi na sauti ya Juma Bhalo, Mungu amrehemu, kwa nguvu zote nilizoweka ili niisikie sokoni.

Niliipapasa mfuko huu, haipo; mfuko ule, haipo. Ilikuwa kwenye sweta. Bhalo anaendelea. Mke wa jukwaani aliinua uso. Hakukasirika. Alitazama pale sauti ilipotoka, akaacha udi ulie kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka: "Mzee, pokea. Kama ni yule mwanamke, mwambie nimeshajua."

Sitaeleza kicheko. Mama wa kitenge alinipiga gotini mara tatu, machozi yakimtoka. Lakini kilichonishangaza ni kilichofuata: mwigizaji aliwapa watu kicheko chao, akakingoja kiishe, akaitazama tena stakabadhi, na kimya kile kile kikarudi, kizito kuliko mwanzo. Sasa hata mimi nilikuwa ndani ya ndoa ile. Aliyepiga alikuwa dada yangu, akiuliza nilikoweka ufunguo wa stoo.

Wakati wa mapumziko nilikuwa nimeona jambo jingine, kuhusu lugha. Mchezo uliandikwa kwa Kiingereza cha Nairobi, lakini kila mhusika alikuwa na lugha ya ndani. Mzee alidanganya kwa Kiingereza. Benki, mipango, "miradi", yote kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Alipobanwa alihamia Kiswahili. Alipokamatwa kabisa, lugha ya mama ilimtoka kama kikohozi, na theluthi ya ukumbi wakaruka kabla wengine hawajaelewa. Kisha jirani akamtafsiria jirani, na kicheko kikapita tena mara ya pili, kikichelewa, kutoka kushoto kwenda kulia. Kicheko chenye mawimbi mawili sijakisikia kwingine. Nilitafsiriwa na mmoja wa wazee wa saruji, bila kumwomba. Sheng ya mpango wa kando ilinipita yote, ila mpwa alikataa kunitafsiria, akasema, "Hiyo wachana nayo, Mjomba."

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na ndiyo maana nataka nikae kidogo kwenye mwaka 1976. Uhuru ulikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini Ukumbi wa Taifa bado ulikuwa na ratiba iliyojaa michezo ya kigeni. Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwanzoni mwa 1977, na michezo miwili ilichaguliwa: wa Francis Imbuga, Betrayal in the City, na The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Kabla ya kusafiri ilipaswa ionyeshwe nyumbani. Kupata nafasi katika nyumba iliyobeba jina la taifa kukawa vita. Mwisho ikapewa siku chache tu mwezi wa Oktoba. Kimathi ulianza tarehe 20 Oktoba, siku ile ile ya kukumbuka kutangazwa kwa hali ya hatari.

Ngũgĩ amesimulia yaliyotokea usiku huo. Mchezo ulipofika mwisho waigizaji walishuka jukwaani wakiimba na kupita katikati ya watazamaji, na watazamaji wakainuka wakawafuata. Ule mstari uliochorwa na waliojenga nyumba ulifutwa kwa miguu. Watu walitoka mlangoni wakiimba na kucheza hadi barabarani, mbele ya Norfolk ile ile. Jioni iliyofuata walijaribu tena, na polisi wakawa wanawangoja.

Mwaka uliofuata Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikwenda Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ambako wanakijiji walijenga wenyewe uwanja wa maigizo wa kuketisha watu elfu mbili, bila paa, na mazoezi yakifanyika mbele ya kila aliyetaka kupita na kusahihisha. Mchezo wao, Ngaahika Ndeenda, ulifunguliwa Oktoba 1977, ukafungiwa Novemba, na Ngũgĩ akawekwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka. Mwaka 1982 kikundi kile kilitaka kuleta mchezo wa Maitũ Njugĩra hapa Nairobi, Ukumbi wa Taifa. Waigizaji walifika wakakuta milango imefungwa. Walihamishia mazoezi chuo kikuu, hatua chache kutoka hapo, na maelfu ya watu wakaenda kutazama mazoezi. Mchezo haukuwahi kufunguliwa, lakini ulikuwa na hadhira kubwa kuliko mingi iliyofunguliwa. Machi mwaka huo huo uwanja wa Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa.

Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ulipanda jukwaa la Ukumbi wa Taifa, siku nyingine kwa Kiingereza, siku nyingine kwa Kigĩkũyũ. Miaka arobaini na mitano ilikuwa imepita. Sikuwapo, na najuta. Mpwa alikuwapo siku ya Kigĩkũyũ, yeye aliyelelewa Kisauni na hajui zaidi ya salamu. Anasema palikuwa na ajuza safu ya mbele aliyekuwa akimalizia nyimbo kabla ya waigizaji, na kwamba yeye mwenyewe hakuhitaji mkalimani. Alikuwa akimtazama yule bibi. Ngũgĩ aliaga dunia Mei 2025, Mĩcere alikuwa ametangulia Juni 2023. Kwa Waswahili Ngaahika Ndeenda upo kama kitabu, Nitaolewa Nikipenda, uliotafsiriwa mapema miaka ya themanini, na ningetoa nauli ya kwenda na kurudi kuuona ukichezwa kwa lugha hiyo mbele ya watu wanaojibu.

Maana Kiswahili kitupu kwenye jukwaa lile bado ni adimu, isipokuwa wanapokuja wanafunzi. Hilo nililiona safari ya nyuma, siku ya kazi, asubuhi, nilipopita bila mpango na kukuta mabasi ya shule yamejipanga hadi nje. Vikundi vya Nairobi huigiza vitabu vya kutahiniwa, na kwa miaka kadhaa hiyo imekuwa ndiyo riziki yao ya uhakika. Kigogo cha Pauline Kea kilipita humo, na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ikafuata. Kama hujawahi kukaa na wanafunzi mia tatu wa kidato cha tatu na cha nne wanaojua tamthilia kuliko waigizaji, hujaona hadhira. Mwigizaji akiruka mstari wanamkumbusha kwa pamoja. Mhalifu akiingia wanamzomea kwa jina, na kijana mmoja nyuma akitaja sifa zake kama mtihani unavyotaka: "Katili! Mbinafsi! Mwenye tamaa!" Mwalimu aliyekuwa karibu nami alijaribu kuwanyamazisha, akashindwa, mwishowe akaanza kutabasamu na kuandika kitu kwenye daftari. Nadhani alikuwa anawapa alama.

Sasa Falstaff. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe jijini London, ule uliojengwa upya mwaka 1997 kuiga wa Shakespeare, ulialika tamthilia zake zote zichezwe kwa lugha za dunia. Kiswahili kilipewa ile ya wake wachangamfu wa Windsor, ikaitwa Wanawake wa Heri wa Winsa, tafsiri ya Joshua Ogutu, na aliyemwigiza Falstaff alikuwa Mrisho Mpoto, mghani wa Tanzania. Globe ina kiwanja mbele ya jukwaa ambako watu mia saba hutazama wakiwa wamesimama, mvua iwanyeshee jua liwachome, wakiwa wameegemea jukwaa lenyewe. Kwa hiyo miaka sitini baada ya London kumtuma Falstaff wake afungue nyumba ya kunyamazia Nairobi, Afrika Mashariki ilimpeleka Falstaff wake London kwenye nyumba ya kelele. Wenye Shakespeare walikuwa wamerudia ustaarabu wao wa zamani, ambao sisi hatukuwahi kuuacha.

Nyumba ya Nairobi nayo ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena Septemba 2015. Viti ni vizuri, sauti inafika nyuma, choo kina maji. Nasema la choo makusudi. Aliyeujua ukumbi huo zamani atanielewa. Lakini taa na viti haviwezi kufanya kazi ya watu, na wakubwa wanalijua hilo kuliko wasanii. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walipeleka mchezo wao, Echoes of War, kwenye tamasha la kitaifa la shule huko Nakuru. Uliondolewa mashindanoni, mahakama ikaamuru urudishwe, siku yenyewe polisi wakawatawanya watu kwa mabomu ya machozi. Wasichana waliingia ukumbini, wakakuta hakuna hadhira. Waliimba wimbo wa taifa, ule ule wa Wapokomo, wakatoka. Hawakucheza. Mtoto wa shule ameelewa kwamba mchezo bila wa kuujibu si mchezo.

Jumamosi yangu iliisha saa kumi na mbili kasoro. Waigizaji walijipanga kuinama, na yule mke alipofika mbele alinionyesha kidole, akaweka mkono sikioni kama anayepokea simu. Makofi niliyopigiwa hayo sikuyastahili, lakini niliyapokea kwa kuinama. Nje baridi ilikuwa imeshuka. Watu hawakwenda nyumbani. Walisimama makundi makundi kwenye ngazi na ukingoni mwa barabara, wakirudia maneno ya mchezo, wakiyarekebisha, kila mmoja akionyesha jinsi yeye angeyasema. Muuza mayai na smoki alikuwa ameegesha mkokoteni wake pembeni, naye hujua wakati mchezo unapoisha bila kuwa na ratiba; alinipasulia yai, akajaza kachumbari, akauliza kama ni mimi mzee wa simu. Habari zilikuwa zimekwisha mfikia. Mama wa kitenge alipita na mabinti zake akaniaga: "Haya baba, salimia huyo mwanamke."

Ng'ambo, kwenye veranda ya Norfolk, wageni walikuwa wakinywa chai na kutazama upande wetu, kama watu wanaotaka kujua kuna nini.

Wikendi maonyesho huwa mara nyingi mawili, la alasiri na la jioni. Nenda la alasiri kama unategemea matatu kurudi. Chukua kiti cha katikati, safu ya nne au ya tano, ukizungukwa na watu usiowajua. Sweta ni lazima. Simu izime, na uikague mara mbili iko mfuko gani.